Maswali mnayotuuliza kila masika: mtaro wa mlangoni kwako na bahari

Kila ikifika mwezi wa tatu simu zinaanza kuita na meseji zinaingia kwenye grupu mpaka usiku wa manane, na maswali ni yaleyale ya mwaka jana. Sisi ni kikundi cha wakazi tu wa Dar es Salaam, pande za Mto Mlalakuwa, ule unaopita Mwenge na Mikocheni ukaenda kuingia baharini kule Kawe. Hatuna ofisi, tuna mabeleshi, reki na toroli moja lenye tairi bovu. Nimekaa nikaandika majibu sehemu moja ili mtu akiuliza tena nimtumie hii.

Kwani maji ya mvua yakishaingia mtaroni yanaenda kusafishwa wapi?

Hayaendi popote kusafishwa. Yanaenda baharini hivyohivyo yalivyo. Hili naliweka la kwanza kwasababu watu wengi, hata wasomi, wanaamini mtaro wa barabarani unaunganika na mabomba ya DAWASA (mamlaka ya maji) halafu huko mbele kuna mtambo unachuja. Hapana. Majitaka ya vyooni na maji ya mvua ni vitu viwili tofauti. Majitaka, kwa wachache waliounganishwa, yanaingia kwenye bomba yanaenda kwenye mabwawa kama yale ya Vingunguti au Kurasini (na ya katikati ya mji kuna bomba linamwaga baharini pale Ocean Road, hiyo nayo ni stori nyingine). Mvua yenyewe inashika mtaro, mtaro unashika mto, mto unaingia baharini, basi. Mvua ya Tandale na Magomeni inaingia Mto Ng'ombe, Ng'ombe inaingia Msimbazi, Msimbazi inatokea baharini pale daraja la Salenda. Ya Mbagala na Mtoni inafuata Kizinga na Mzinga mpaka upande wa bandarini. Ya kwetu inatokea Kawe.

Kwaiyo ukitupa pampasi mtaroni saa kumi jioni na mvua ikapiga usiku, asubuhi ipo ufukweni.

Mbona zamani hatukuwa tunajaa maji hivi?

Mafuriko yalikuwepo, ila ardhi ilikuwa inakunywa. Mnaokumbuka Mbezi Beach na Tegeta zikiwa mashamba ya minazi na mikorosho mnajua, mvua inanyesha kutwa na kesho yake mchanga mkavu. Sasa hivi jiji lina watu zaidi ya milioni 5 kwa sensa ya 2022, kila kiwanja kina bati, kila uwanja una pevingi, na vijito vidogo vilivyokuwa vinapita katikati ya mashamba vimejengewa ukuta. Maji yaleyale, njia hamna, na yanashuka kwa mpigo mmoja badala ya kujivuta siku mbili.

Desemba 2011 ndio somo kubwa tulilopata, mvua ambayo ilisemwa haijawahi kuonekana tangu 1954, watu kama 40 walipoteza maisha na familia za mabondeni zikapelekwa Mabwepande. Baadhi walirudi bondeni baadae. Mimi siwalaumu sana, mtu kibarua chake kipo Kariakoo unampeleka Mabwepande, nauli atatoa wapi.

Mvua yenyewe ndogo tu lakini Jangwani pamejaa, inakuaje?

Hapa muulize mvuvi atakujibu vizuri kuliko mimi. Angalia mwezi. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu tunapata bamvua, maji ya bahari yanajaa sana, tofauti ya kujaa na kupwa hapa kwetu inapita mita 3. Sasa Mto Msimbazi umebeba maji ya kutoka milima ya Pugu unafika Salenda unakuta bahari imepanda, imeziba mlango. Maji yanasimama yanarudi nyuma kutafuta pa kukaa na pa kukaa ni Jangwani, kwasababu pale ndio sebule ya mto toka enzi na enzi, sisi ndio tumehamia na makochi yetu. Mvua hiyohiyo ikinyesha wakati wa maji mafu (bahari ikijaa kidogo tu) au bahari imekupwa unaweza usione kitu.

Ongezea na tope. Msimbazi inashusha mchanga mwingi mno kutoka huko juu, sakafu ya mto inapanda kila mwaka, na daraja limebaki lilelile. Ndiomaana unaweza kuona maji yanapita juu ya Barabara ya Morogoro na mabasi ya mwendokasi yamesimama hata kama mjini mvua haikuwa ya kutisha.

Takataka zina uhusiano gani? Si ni maji tu yamezidi?

Ngoja nikupe mfano mmoja. Mwaka juzi tulifungua karavati moja ambalo kila mvua lilikuwa linamwaga maji kwenye duka la mama mmoja muuza vitenge. Tuliamini bomba ni dogo, hata fundi alishaanza kutaja bei ya kuvunja. Kuingiza reki tukavuta godoro. Godoro la nne kwa sita, limejikunja vizuri kama limepakiwa, na nyuma yake limeshika kila kitu kilichokuwa kinapita: chupa za maji, viroba, mabuyu ya nazi, mkeka, na ndala za mguu mmoja mmoja nyingi tu. Tulijaza toroli mara kumi na moja. Bomba lilikuwa kubwa la kutosha kabisa. Yule mama alikaa pale mlangoni kwake anaangalia lile godoro, akasema "hili nalijua," akaingia ndani, hakusema tena la nani.

Kwaiyo ndio, maji yamezidi, lakini mara nyingi kinachofanya yaingie ndani kwako ni kitu kimoja kikubwa kimekaa vibaya, vidogo vyote vinajishikiza hapo. Katazo la mifuko ya plastiki la Juni 1, 2019 limesaidia, tunaona kabisa mifuko ya rambo imepungua mtaroni, ila chupa na vile vifungashio vyepesi bado vinatutesa.

Tunazibua mtaro kila mwaka na kila mwaka unaziba. Tunakosea wapi?

Tope mnaliweka wapi? Nauliza kwasababu nimepita mitaa mingi, Sinza, Kijitonyama, Mwananyamala, utakuta watu wametoa tope vizuri, wametoka jasho, halafu wamelirundika pembeni hapohapo ukingoni. Linakaa wiki, linakauka, kuku wanachakura, watoto wanalicheza, alafu mvua ya kwanza inalirudisha lote ndani. Kazi bure. Ni kama kufua nguo ukaanika kwenye vumbi.

Kabla hamjagusa beleshi panga kwanza lile tope linaondokaje. Kirikuu au guta la kukodi ni hela, tunajua, sisi tunachangishana na wakati mwingine tunaenda kumuomba mtu mwenye lori la mchanga linalorudi tupu. Tope la mtaroni lisipelekwe kwenye bustani ya mchicha, lina oili na lina vinyesi. Ikishindikana kabisa kulihamisha siku hiyo, liwekeni kwenye viroba mfunge, angalau halirudi kirahisi.

Na msisubiri mvua. Masika inaanza Machi mpaka Mei, vuli ni Oktoba mpaka Desemba. Mtaro unazibuliwa Februari na Septemba, jua likiwa kali na tope limekauka, beba yake nyepesi. Mamlaka ya Hali ya Hewa inatoa utabiri wa msimu mapema kabisa, tunauweka kwenye grupu lakini watu wanasoma za mpira tu.

Mtaro wa mtaani kwetu ni wa nani? Tumeenda kila ofisi tunazungushwa.

Kwa kifupi: barabara kuu kama Bagamoyo, Mandela au Morogoro, mitaro yake ipo chini ya TANROADS. Barabara za ndani za mitaa ni TARURA, wapo tangu 2017. Usafi na uzoaji taka ni manispaa yako au Jiji. Mto wenyewe unasimamiwa na Bonde la Wami/Ruvu, na mtu akichafua ni suala la NEMC (baraza la mazingira) pia. Umeona ilivyo, maji yaleyale yanabadilisha mwenyewe mara nne kabla hayajafika baharini, ndiomaana unazungushwa. Sisi kuna karavati tulizunguka nalo miezi saba, ofisi moja inasema liko upande wa wenzao, wenzao wanasema liko kwa wale.

Kilichotusaidia ni kuacha kwenda kwa mdomo. Anza na mwenyekiti wa serikali ya mtaa, aandike barua, ipite kwa mtendaji wa kata, iambatanishwe na picha tatu (kabla ya mvua, wakati wa mvua, baada ya mvua), jina la barabara na karavati lipo mbele ya nini. Mbakie na nakala yenye muhuri wa kupokelewa. Diwani nae apewe yake. Ukija na nakala yenye muhuri mtu hawezi kukwambia hajawahi kusikia.

Jirani anatapisha choo mvua ikinyesha. Tufanyeje, ni mtu mzima tunaogopa kugombana.

Hili ndio swali linaloongoza na hakuna anayeliuliza kwenye grupu, wote wananifuata pembeni.

Kutapisha sio siri, kila mtu anajua harufu ile ya usiku wa mvua. Shimo limejaa, gari la kunyonya ni hela nyingi au halifiki kwasababu uchochoro mwembamba, basi mtu anasubiri mvua kubwa anatoboa anaachia. Yeye anaona maji yamebeba yameisha. Hayajaisha, yamepita kwa jirani wa chini, yamegusa kisima, watoto wamekanyaga, halafu yamefika baharini. Kipindupindu cha 2015 mnakikumbuka kilivyoanzia Kinondoni.

Kugombana hakusaidii. Kwanza jua tatizo lake ni hela, njia au ujeuri. Kama ni njia, kuna vijana wana pampu ndogo za mkono wanaingia sehemu ambazo gari haliingii, wanabeba kwa mapipa kwenye guta mpaka kwenye mabwawa. Ni tofauti na wale vyura wa kizamani wanaozama wenyewe shimoni na kuzika palepale pembeni. Kama ni hela, nyumba mbili tatu zikiita kwa siku moja bei inashuka, na wapangaji wachangie, sio mzigo wa mama mwenye nyumba peke yake. Kama ni ujeuri, afisa afya wa kata yupo na sheria ndogo zipo. Lakini mpelekeeni kwanza mzee wa heshima, au mjumbe, aongee nae kwa staha, tena kiangazi, sio siku ya tukio wakati watu mna hasira na magauni yamelowa.

Nyumba yangu iko kandokando ya mto, naambiwa niko ndani ya mita 60. Hiyo mita 60 imetoka wapi?

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57. Inakataza shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto, fukwe za bahari na maziwa. Watu wanaona ni ukatili, na kwa mtu aliyeuziwa kiwanja kwa hati ya serikali ya mtaa na mashahidi wawili kweli inauma. Lakini angalia mto wenyewe, Mlalakuwa na Tegeta zinakula kingo kila mwaka, hasa pale wanapochimba mchanga. Ukichimba mchanga chini mto unakwenda chini, kingo zinabaki wima zinadondoka, nyumba iliyokuwa hatua ishirini kutoka mtoni inakuwa hatua sita. Fundi anayekuuzia trip ya mchanga wa bei rahisi hajakwambia umetoka chini ya nyumba ya nani.

Ule mradi wa Msimbazi unaendeleaje na utatuhusu sisi?

Nyie wa Kawe moja kwa moja hapana, ni bonde jingine. Mpango wake ulianza kupikwa 2018 kwa vikao vya pamoja vya wataalamu na wakazi, na mwaka 2022 Benki ya Dunia ikapitisha mkopo wa dola milioni 200, Uholanzi na Hispania nao wakaongezea. Wazo ni kuupa mto nafasi: kuchimba tope, kunyanyua daraja la Jangwani, kuinua maeneo ya pembeni, kuhamisha karakana ya mabasi ya mwendokasi, na katikati ibaki bustani kubwa ambayo mvua ikija inajaa maji bila kumuumiza mtu. Watu wa bondeni walifanyiwa tathmini wakalipwa fidia, nyumba zikavunjwa. Kuna waliolalamika kiwango na malalamiko hayo tusiyapuuze.

Mimi wazo la kuacha sehemu ijae maji kwa makusudi nalipenda. Maji lazima yapate pa kulala.

Si wajenge tu mitaro ya zege mikubwa kila mahali yaishe?

Zege linasaidia na nisionekane napinga. DMDP, ule mradi wa kuboresha jiji ulioanza 2015, umejenga mitaro mingi na Mto Ng'ombe ukatengenezewa kingo, na ukiwauliza watu wa Tandale watakwambia wanalala. Lakini zege kazi yake ni kuharakisha maji, unayaondoa kwako kwa spidi unampelekea wa chini. Na yakienda kwa spidi yanabeba kila kitu, tope, oili, chupa, hakuna hata jani linalobaki njiani. Mto wa zamani wenye matete na vidimbwi ulikuwa unachuja kidogokidogo bure.

Halafu kuna matunzo. Hananasif miaka ya 1990 wakazi wenyewe walichimba na kujenga mitaro yao kwa kulipwa vibarua, ILO (shirika la kazi la kimataifa) ikiwepo kusaidia, kazi nzuri ambayo watu walikuja kujifunza. Mtaro ukijengwa na mkono wako unauonea uchungu. Siku hizi mfuniko wa chuma unawekwa Jumatatu, Ijumaa upo kwenye mzani wa skrepa.

Mimi nyumbani kwangu nianze na nini? Sina hela nyingi.

Gata. Hesabu yake rahisi sana, milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. Bati lako la mita za mraba 60, mvua ya milimita 50 (ambayo masika ni siku moja tu mbaya), ni lita 3,000. Lita 3,000 hizo ama zinaingia kwenye simtanki lako unafulia na kumwagilia wiki nzima, ama zinaenda mtaroni kukutana na za majirani. Zidisha nyumba mia za mtaa mmoja uone, lita laki tatu kabla barabara haijatoa tone. Maji ya kwanza ya msimu yaache yapite, yana vumbi na vinyesi vya kunguru. Na funika tanki, dengi ya 2014 na ya 2019 mbu wake anazaliana kwenye maji masafi kama hayo, pamoja na matairi ya nyuma ya nyumba.

Cha pili, usiweke pevingi uwanja wote. Weka njia ya gari na ya miguu, kwingine acha mchanga, nyasi, mwarobaini. Ukiweza chimba shimo la kunyonya la maji ya mvua, ujaze mawe na kokoto, mbali na karo la choo. Kwa sisi tunaoishi kwenye mchanga linakunywa balaa. Waliopo kwenye mfinyanzi litawasumbua, bora tanki.

Bahari ni kubwa, kweli taka zetu na tope linaweza kuidhuru?

Nenda Mbudya au Bongoyo siku ya tatu baada ya mvua kubwa, piga mbizi ujionee unavyoshindwa kuona mkono wako. Visiwa vile pamoja na Pangavini na Fungu Yasini ni maeneo tengefu tangu 1975, hairuhusiwi kuvua, lakini tope halina kibali wala halizuiwi na askari wa boti. Matumbawe yanahitaji mwanga, tope likitua juu yake linayaziba. Majani ya bahari nayo hivyohivyo, na humo ndio samaki wadogo wanakulia. Mbolea na vinyesi vinaleta mwani wa kijani unaofunika kila kitu. Mkondo wa pwani yetu unaelekea kaskazini na upepo wa kusi ukianza unapata nguvu, na kusi inaanza kwenye masika hapohapo, kwaiyo uchafu wa Msimbazi hauishii Salenda.

Mikoko ndio chujio tulilobakiwa nalo, pale mdomoni mwa Msimbazi, Kunduchi, Mtoni. Mizizi yake inakamata tope na inavunja nguvu ya mawimbi. Ukikuta mtu anakata kwa ajili ya mkaa au anamwaga kifusi ili apate kiwanja, toa taarifa TFS (wakala wa misitu).

Coco Beach naweza kuogelea baada ya mvua?

Subiri siku mbili tatu, na maji yakiwa bado ya rangi ya chai ya maziwa usiingie. Watoto hasa, na mwenye kidonda.

Mimi fundi gereji, oili chafu niipeleke wapi?

Usimwage. Kusanya kwenye dumu, kuna watu wanapita kununua, na mafundi seremala wanapaka mbao kuzuia mchwa. Kinachotuumiza ni ile inayomwagwa chini "kuua vumbi", mvua ya kwanza inaonekana upinde wa mvua mtaroni kote.

Tutajuaje maji yatafika wapi mtaani kwetu?

Waulize wazee, kweli kabisa. Ramani Huria, ule mradi wa kuchora ramani za mitaa, walivyoanza 2015, wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi na UDSM walipita mitaani na wakazi, wakachora mitaro na kuuliza watu maji yalifika wapi, magotini au kiunoni. Ramani zipo wazi mtandaoni. Ukitaka kupanga chumba au kununua kiwanja, angalia ramani halafu angalia ukuta wa jirani, mstari wa tope haudanganyi hata wakipaka rangi, unarudi.

Usafi wenu lini na nije na nini?

Jumamosi ya mwisho wa mwezi kama nchi nzima, saa 12 na nusu asubuhi. Ila upande wa mdomoni Kawe tunaangalia kwanza maji, tunashuka bahari ikiwa imekupwa, kwaiyo saa inaweza kubadilika, angalia grupu Ijumaa usiku. Njoo na buti au raba ngumu, ndala hapana, kuna chupa zilizovunjika na sindano. Glovu tunazo kama pea ishirini. Beleshi ukiwa nalo andika jina lako kwenye mpini, mwezi uliopita mawili yalichanganyika na wenyewe bado hawajaelewana.